Anza na bomba: tuliyojifunza kwenye vijiji vya vijumba Seattle

Swali la kwanza ambalo karibu kila mtu huuliza kuhusu vijumba vya watu wasio na makazi ni bei ya kijumba kimoja. Jibu lake ni jepesi na linapotosha. Mbao, plaiwudi, sufi ya kuhami joto, mlango, dirisha, bati na rangi ya kijumba cha futi 8 kwa 12, yaani mita 2.4 kwa 3.6, hugharimu dola elfu chache, na watu sita wanaojua kushika nyundo hukisimamisha kwa wikiendi mbili tatu. Lakini kikiwekwa kwenye uwanja usio na choo, maji wala umeme, hicho ni stoo yenye kitanda. Mjini Los Angeles kijiji cha kwanza cha aina hii, cha Chandler Boulevard kule North Hollywood, kilifunguliwa Februari 2021. Kila kibanda cha futi 8 kwa 8 kilinunuliwa kwa dola zisizofika 9,000, ila bajeti nzima ukiigawanya kwa idadi ya vibanda ilifika karibu dola 130,000 kwa kimoja. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilizama ardhini: mabomba ya maji taka, nyaya za umeme, kusawazisha uwanja, zege, uzio.

Tunayoyaandika hapa yanatoka Seattle, jimbo la Washington, Marekani. Mji huo na kaunti ya King vilitangaza hali ya dharura ya watu wasio na makazi tarehe 2 Novemba 2015, na Januari 2016 kijiji cha vijumba kilifunguliwa kwenye kiwanja cha kanisa la Kilutheri mtaa wa Central District, chini ya LIHI, shirika la nyumba za watu wa kipato cha chini, pamoja na watu wa Nickelsville, kambi ya mahema iliyoanza 2008. Hesabu ya usiku mmoja wa Januari 2020 ilikuta watu 11,751 wasio na makazi katika kaunti hiyo. Miji mingi imeiga picha ya vijumba vya rangi rangi vilivyopangwa safu, ikasahau kilicho chini yake.

Ukienda kukagua kiwanja, tembea ukiangalia chini. Tafuta chemba ya maji taka, mita ya maji, na transfoma iliyo karibu. Kiwanja tambarare kilicho mita 150 kutoka bomba la maji taka kitakula fedha kuliko kibovu chenye chemba getini, kwa sababu kuchimba barabara ya lami na kuirudishia kunataka mkandarasi, kibali na watu wa kuongoza magari. Hesabu ya maji nayo ifanyike mapema. Wakazi 40 wakioga dakika 6 kila mmoja, kwa bomba la mvua linalotoa lita 7.5 kwa dakika, wanatumia lita 1,800. Choo cha kuvuta lita 4.8, mara tano kwa siku kwa kila mtu, ni lita 960. Ongeza kufua, kuosha vyombo na kunawa, unakaribia lita 4,000 kwa siku. Tangi la maji taka la lita 5,000 litakuwa limejaa kesho yake asubuhi, na lori la kunyonya hulipwa kila safari. Ndiyo maana vijiji vinavyofunguliwa kwa pupa hubaki na vyoo vya plastiki vya kukodi, bafu hakuna, na mtu ambaye hajaoga wiki nzima hawezi kwenda kwenye usaili wa kazi.

Kiwango tunachokishika ni choo kimoja kwa watu 10 na bafu moja kwa watu 12 hadi 15, kila bafu likiwa chumba chenye komeo lake badala ya mabafu ya safu yenye pazia. Wanawake wengi waliolala nje wamepita katika mambo ambayo pazia haliwezi kuyazuia. Maji ya moto yanapungua kuliko watu wanavyodhani: tangi la lita 190 linatosheleza watu wanne hivi mfululizo, kisha linataka muda kupasha tena. Wakazi wenye kazi huoga kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi, wote. Ukinunua tangi moja kwa kijiji cha watu 40, mgogoro wa kwanza wa kijiji utakuwa wa maji ya moto.

Jambo la pili kabla ya mbao ni muda wa ardhi. Sheria ya Seattle ya 2015 ilitoa kibali cha mwaka 1, kinachoongezwa mwaka mwingine 1. Kijiji cha Licton Springs, kilichopokea watu bila kuwadai waache kwanza pombe au dawa za kulevya, kilifunguliwa 2017 na kufungwa 2019 muda huo ulipokwisha. Mwaka 2020 mji ulilegeza masharti na kuruhusu hadi vijiji 40, lakini somo limebaki: jenga kila kitu ukijua siku moja kitapakiwa kwenye trela. Kijumba kisichohamishika kwenye ardhi ya muda mfupi ni kuni.

Hilo ndilo linaloamua vipimo. Barabara za Marekani zinaruhusu mzigo wa upana wa futi 8 na inchi 6 bila kibali maalumu, na Washington inaruhusu kimo cha futi 14 kutoka lami. Kwa hiyo kijumba kina upana wa futi 8, na paa linatokeza inchi 3 tu kila upande. Mjini Seattle banda la ghorofa moja lisilozidi futi za mraba 120 halitaki kibali cha ujenzi, na hapa wajenzi wapya huteleza: kinachopimwa ni kivuli cha paa jua likiwa utosini, sakafu haihusiki. Paa la futi 8 na nusu kwa futi 14 lina futi za mraba 119. Ukiongeza kibaraza cha futi moja na nusu umevuka. Umeme bado unataka kibali na mkaguzi wake, hata kijumba kiwe kidogo namna gani.

Sakafu inakaa juu ya boriti tatu za inchi 4 kwa 6 zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Zilaze kwa upande mfupi, zikifuata upana wa futi 8: moja kila mwisho na moja katikati. Zikilala hivyo, uma za foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, zinaingia kutoka upande mrefu, kati ya boriti na boriti, bila kugusa kitu. Tumeona vijumba vilivyolazwa boriti kwa urefu. Siku ya kuhama ikabidi vinyanyuliwe kwa jeki kona moja moja, kazi ya nusu saa ikachukua siku nzima. Angalia pia nguvu ya foklifti. Uwezo ulioandikwa kwenye kibao chake umepimwa kitovu cha uzito wa mzigo kikiwa inchi 24 kutoka mzizi wa uma. Kitovu cha kijumba kiko futi 4, mara mbili ya hapo, kwa hiyo mashine iliyoandikwa pauni 5,000 haina hizo pauni 5,000 mbele ya kijumba. Kodi kubwa kuliko unavyodhani, na uma zisipungue futi 6, la sivyo sakafu inapinda na milango haitafunga tena.

Juu ya boriti hizo panga mbao za 2 kwa 6 kila baada ya inchi 16. Kabla ya kufunika, pigilia chini yake wavu wa chuma wenye matundu ya robo inchi, kisha jaza povu gumu la kuhami joto, kisha plaiwudi ya robo tatu inchi. Wavu watu wengi wanauacha. Panya wa mjini hawauachi: wanatoboa povu, wanazaa humo, na harufu haitoki hadi sakafu ing'olewe.

Kuta ni mbao 2 kwa 4 zenye sufi ya kioo katikati, plaiwudi au mbao za nje, na karatasi ya kuzuia maji kati yake. Kwa ndani tunapendelea plaiwudi nyembamba iliyopakwa rangi, kwa sababu jipsamu inapasuka kwenye maungio kijumba kikisafirishwa. Mkaguzi wa zima moto akidai jipsamu, mpe; ila izibe maungio kwa utepe na uikaze kwa skrubu za karibu karibu.

Mlango ufunguke kwa nje. Hivyo unaokoa nafasi ya kitanda ndani, lakini sababu kubwa ni nyingine: mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka ndani, amezidiwa na dawa au kifafa, mwili wake ndio kizuizi, na wahudumu hawawezi kumfikia. Bawaba zikiwa nje, nunua zenye pini isiyotoka. Kitasa kiwe imara, ufunguo mmoja wa mkazi na wa akiba ofisini, na masharti ya kuutumia yaandikwe: kwa dharura, au kwa ukaguzi uliotangazwa siku moja kabla. Kati ya vyote tulivyovitaja, kitasa ndicho kinachobadilisha maisha ya mtu haraka zaidi. Aliyelala barabarani hawezi kwenda kazini wala hospitali bila kubeba kila alicho nacho, na akikiacha kitaibwa au kitazolewa na gari la taka. Siku anapopata mlango unaofungwa anaweza kuondoka, akarudi, akakuta kitambulisho chake, simu yake na dawa zake palepale.

Dirisha ni njia ya pili ya kutokea, kwa hiyo liwe kwenye ukuta mwingine, si ule wa mlango. Kanuni ya nyumba za kulala kwa chumba cha ghorofa ya chini inataka uwazi usiopungua upana wa inchi 20, kimo cha inchi 24, eneo la futi za mraba 5, na kizingiti kisichozidi inchi 44 kutoka sakafuni. Fundi akisoma haraka ananunua dirisha la 20 kwa 24 akidhani ametimiza. Zidisha: hizo ni futi za mraba 3.3. Vipimo vyote lazima vitimie kwa pamoja, na kinachopimwa ni uwazi wa dirisha likiwa limefunguliwa, fremu haihesabiki.

Sasa umeme. Kijumba kilichohamiwa vizuri, nje ikiwa karibu na kuganda na ndani nyuzi 20, kinapoteza kama wati 700. Hita ya ukutani ya wati 1,000 inatosha, yenye kidhibiti joto, iliyofungwa na fundi umeme. Saketi ya ampea 15 kwa volti 120 haipaswi kubeba zaidi ya ampea 12 kwa muda mrefu, yaani wati 1,440. Hita za dukani za wati 1,500 zinavuka hapo peke yake. Mkazi akichomeka na birika, breka inakatika, na kama breka za vijumba vinne ziko kwenye kisanduku kimoja kilichofungwa kufuli, watu wanne wanangoja msimamizi kwenye baridi. Toa hita mwenyewe, eleza sababu, na jikoni pawe na birika na maikrowevu saa zote ili asiwepo wa kupikia chumbani. Vijumba 30 vyenye hita ya wati 1,000 ni kilowati 30, ampea 125 kwa volti 240, kabla hujagusa jiko, mashine za kufulia na maji ya moto. Kampuni ya umeme iombwe mapema sana. Kufungiwa laini kubwa kunaweza kuchukua miezi, na jenereta ya kukodi kwa miezi hiyo inamaliza bajeti na kuwachosha majirani kwa kelele.

Adui mkubwa wa kijumba ni unyevu, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo vijumba vingi vinapoharibikia. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na ngozi kama gramu 40 za maji kwa saa. Wawili kwa saa nane ni zaidi ya nusu lita. Hewa yote iliyomo ndani ya kijumba, karibu mita za ujazo 22, ikiwa na joto la nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 375 hadi ishibe. Maji yaliyobaki yanatafuta mahali pa baridi: kioo, fremu ya mlango wa chuma, kona za sakafu, na chini ya godoro. Ongeza koti lililolowa mvua ya Seattle ya Novemba na mbwa aliyetoka nje. Baada ya wiki tatu ukuta wa nyuma ya kitanda una ukungu mweusi, na mwenye pumu anarudi hospitali.

Watu husema mkazi afungue dirisha. Hafungui, kwa sababu kuna baridi, na kwa sababu miaka mingi ya kulala nje imemfundisha kutoacha tundu. Suluhisho linalofanya kazi ni feni ndogo ya kutoa hewa inayozunguka polepole muda wote, mita za ujazo 25 kwa saa, isiyo na swichi ndani, pamoja na tundu la kuingizia hewa upande wa pili chini ya dirisha. Hewa ya nje ya nyuzi 5 hata ikiwa na unyevu mwingi ina kama gramu 6 za maji kwa mita ya ujazo. Ya ndani, kwenye unyevu wa asilimia 60, ina gramu 10. Kila mita ya ujazo inayotoka inaondoka na gramu 4. Mara 25 ni gramu 100 kwa saa, zaidi ya zile 80 za watu wawili. Hita ya wati 1,000 bado inamudu. Chagua feni isiyo na kelele. Yenye kelele itazibwa kwa nguo usiku wa kwanza. Kitanda kiwe cha chuma na vipande vyenye nafasi, kamwe kisiwe ubao mzima, godoro lipate hewa chini. Misumari miwili mitatu ya kutundikia koti iwekwe nje chini ya paa, na chumba cha kukaushia nguo kiwe wazi usiku kucha.

Hita ya gesi isiingie kabisa. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua inazaa kilo 1.6 za maji ndani ya chumba, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni moto na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme eneo zima la Seattle, na familia zilizowasha mkaa ndani ya nyumba zilipata sumu hiyo. Baadhi walikufa, na wengi wa walioathirika walikuwa wahamiaji. Gazeti la Seattle Times lilichapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, Kisomali ikiwemo. Tunalitaja kwa sababu linawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Tangu mwishoni mwa 2022, uwanja wa kanisa la Riverton Park United Methodist kule Tukwila, kusini mwa Seattle, ulijaa mahema ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Angola, Kongo na Venezuela. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye madirisha ya matofali ya matundu, ambapo jiko la mkaa lilikaa ukumbini bila madhara, hana sababu ya kujua kwamba chumba kilichozibwa kila tundu ili kuhifadhi joto ni kitu kingine kabisa. Kubandika kanuni za Kiingereza mlangoni hakumwambii hilo. Kanuni za moto ziandikwe kwa lugha za wakazi, zisomwe kwa sauti siku ya kwanza, na king'ora cha moshi na kaboni monoksaidi kibonyezwe mbele yake ausikie mlio. Mwambie pia kwamba king'ora cha betri kinapolia kidogo kidogo ni betri imeisha. Asiyejua hukinyofoa na kukitupa.

Vijumba vipangwe kwa nafasi. Umbali kati ya kimoja na kingine ataupanga mkaguzi wa zima moto, lakini usiombe futi chache kuliko anazotaka ili uongeze vijumba viwili. Moto wa kijumba cha mbao ni wa dakika chache, na jirani yake ndiye kuni inayofuata. Njia kuu ipitishe gari la wagonjwa. Sakafu yetu iko kama sentimita 30 kutoka ardhini, kwa hiyo njia ya mtelemko kwa kiti cha magurudumu, kwa uwiano wa 1 kwa 12, inakuwa mita 3.6 pamoja na sehemu tambarare mbele ya mlango. Zitengee vijumba kadhaa nafasi hiyo tangu kwenye ramani, karibu na vyoo. Wazee na wagonjwa wa miguu ni wengi kuliko wapangaji wanavyotarajia, na kutembea mita 80 kwenye mvua saa nane usiku kwenda haja kunawafanya waweke ndoo ndani.

Kunguni watakuja. Fanicha za vitambaa za kupewa zikataliwe hata zikiwa nzuri, godoro liwe na mfuko wa zipu, na mkazi mpya apewe nafasi ya kupitisha nguo zote kwenye mashine ya kukausha kwa joto kali nusu saa kabla ya kuingia. Lifanye kwa heshima, kwa kila mtu bila kuchagua, lionekane ni desturi ya nyumba. Kijumba kikishaingiwa kinapashwa joto kupita nyuzi 50 kwa saa kadhaa; udogo wake hapo unasaidia.

Kwa upande wa watu, makosa matatu yanarudi kila mahali. La kwanza ni kuwakataa wanandoa na wanyama. Wengi waliokataa kulala kwenye mabweni ya mji walikataa kwa sababu wangetenganishwa na mwenza au mbwa wao. Kijumba kikiweka sharti hilohilo kimejitupia mbali faida yake. La pili ni kuajiri walinzi na kusahau maafisa ustawi. Afisa mmoja kwa wakazi 15 hadi 20 ndio mwisho. Akizidishiwa anakuwa karani wa fomu. Kazi yake ya wiki ya kwanza ni nyaraka: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii. Bila hizo hakuna mwenye nyumba atakayempangisha, na cheti kutoka jimbo jingine huchukua wiki nyingi, kwa hiyo kiombwe siku ile ile anapopewa ufunguo. La tatu ni kupanga kwamba kila mtu ataondoka baada ya miezi sita. Anaondoka nyumba ikipatikana. Mji usiojenga nyumba za kodi nafuu utaona vijumba vyake vinajaa na kukaa vimejaa, kisha utalaumu wakazi kwa uvivu. Hilo linatuuma, kwa sababu tumeona watu wenye kila karatasi mkononi wakingoja mwaka mzima kwenye orodha.

Uongozi wa kijiji unaweza kuwa wa wakazi wenyewe. Dignity Village ya Portland, jimbo la Oregon, iliyoanza kama kambi ya mahema mwaka 2000 na kuhamia Sunderland Yard karibu na uwanja wa ndege 2001, inajiongoza kwa mikutano yake hadi leo, na idadi ya watu wake ina kikomo cha 60. Tunaona kikomo hicho ni cha busara. Kijiji kikipita hapo watu hawajuani tena kwa majina, na wizi mdogo mdogo unaanza. Kamati ya majirani, ambayo sheria ya Seattle inaidai, iundwe kabla ya lori la kwanza kufika, na ipewe namba ya simu inayopokelewa usiku. Malalamiko mengi ya majirani ni ya taka na maegesho. Yanaisha kwa pipa kubwa zaidi na gari la taka mara mbili kwa wiki.

Pale ardhi ni ya kudumu, usiige kijumba chetu. Weka choo ndani. Quixote Village ya Olympia, jimbo la Washington, iliyofunguliwa Desemba 2013 baada ya kambi yake kuhamahama tangu 2007, ina nyumba 30 za futi za mraba 144, kila moja na choo na sinki lake, huku mabafu, jiko na ufuaji vikiwa vya pamoja. Community First! Village ya Austin, Texas, iliyoanza kupokea wakazi 2015, ina vijumba visivyo na mabomba pia, lakini wakazi wanalipa kodi ya nyumba na makazi yao ni ya kudumu. Kijumba kisicho na choo kinavumilika kwa miezi. Kwa miaka kumi, kwa mzee wa miaka 65, hapana.

Mkazi akihama, kijumba kisipokezwe siku hiyo hiyo. Toa godoro na mfuko wake, kagua mishono kwa tochi, inua kitanda na utazame ukuta wa nyuma na kona za sakafu kama kuna ukungu. Ukiukuta, osha, kausha kwa hita na feni usiku mzima, ndipo upake rangi. Fungua kifuniko cha feni usafishe vumbi. Bonyeza king'ora, andika tarehe kwa kalamu kwenye ubavu wake. Pima mlango kama unagusa fremu. Ukigusa, usirandie mbao, nenda chini ukasawazishe kwanza, maana mara nyingi ni kona moja imezama kwenye kokoto baada ya mvua. Mwisho badilisha silinda ya kitasa, hata kama aliyehama alirudisha funguo zote, ili anayeingia apewe ufunguo ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuushika.